Mlezi Haamuru

Nyumbani kwa Mwalimu Emilian Hhando, pale Mbulu mjini, hakuna mtu aliyewahi kuamrishwa kitu. Watu waliulizwa. Mzee akiingia na baridi ya asubuhi imemfuata nyuma, alisimama katikati ya chumba akauliza, "Huo mlango uko wazi?" na watu wawili watatu waliinuka kwa pamoja kwenda kuufunga. Akiuliza kama maji yapo, mtu alishika ndoo. Akiuliza sasa ni saa ngapi, mgeni mwenye akili zake aliaga. Mkewe, Mama Natalia, alizoea kuwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba tangu aolewe na mtu huyu hajapata kusikia swali likitoka kinywani mwake. Hata siku ya kumposa, alisema, hakunena habari ya kupenda wala nini. Aliuliza kama kwao kuna mtu mwingine wa kukamua ng'ombe, naye Natalia akajua kwisha habari yake.

Shuleni mambo yalikuwa yale yale. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote fimbo yake ilikaa juu ya kabati ikala vumbi. Hakuihitaji. "Hermani, ubao umefutwa?" na Hermani wa darasa la tano huyo, mbio na kitambaa. "Hermani, umemaliza?" na mtoto anaandika mpaka vidole vinakufa ganzi. Hermani huyo alikua, akaenda chuo cha ualimu, akarudi na suruali ya kupiga pasi, akamwoa Veronica, binti pekee wa Mwalimu Emilian. Lakini mbele ya mzee alibaki mtoto wa darasa la tano, na juu ya hayo sasa alikuwa mkwe. Mkwe ana adabu zake, ambazo hata ukiwa na cheti cha ualimu huzivui mlangoni.

Basi mwaka wa sabini na nane ikaja ile barua. Serikali ilikwisha kuamua kila mtoto aingie darasani, na shule zilifunguliwa kila kijiji, vijiji vyenyewe udongo wa kuta haujakauka. Walimu wakuu wakatafutwa kila pembe. Vijana wa miaka ishirini na minne, ishirini na mitano, waliokuwa hawajawahi hata kusimamia zamu ya usafi, walikabidhiwa mhuri na bendera wakaambiwa wewe ndiye mkuu. Wengi walianza kukosea kabla ya mhuri kukauka wino. Ndipo mkubwa mmoja huko juu akafikiria jambo, na kwa kweli halikuwa jambo baya: wakuu wazee wafundishwe namna ya kuwalea wakuu wapya. Siyo kuwakagua, kuwalea. Barua ilimtaka Mwalimu Emilian ahudhurie kozi ya wiki tatu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na tangu watoto wa Chama waanze kumpita vyeo hakuna aliyemwita popote. Aliisoma barua mara nne, akaikunja, akamuuliza mkewe kama koti lake la kijivu lina vifungo vyote.

*

Mkufunzi wa kozi aliitwa Nikolausi, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, aliyesomea mambo hayo ng'ambo. Siku ya kwanza aliandika ubaoni maneno mawili: MLEZI HAAMURU. Akawaeleza wazee wale kwamba mkuu mpya akiambiwa la kufanya atalifanya leo, kesho atangoja aambiwe lingine, na kesho kutwa mlezi hayupo. Mlezi mwema huuliza swali, kisha hunyamaza. Mwenzake akinyamaza naye, mlezi asiingilie, kwa sababu ukimya ule ndio mwenzake anafikiri. Na hata kama mlezi analo jibu linamwasha ulimini, alimeze.

Wazee walihangaika. Wengine walikuwa wameamuru maisha yao yote, na kila wakifungua kinywa inatoka amri. Walifanya mazoezi wawili wawili, mmoja mlezi na mwingine mkuu mpya, na darasa zima likawa linacheka. Mwalimu Emilian peke yake hakupata shida hata kidogo. Aliuliza, akanyamaza, akatazama. Nikolausi alisimama kando akimsikiliza, akatikisa kichwa kwa furaha, akawaambia wengine njooni mwone. Alitaka kujua mzee amejifunzia wapi. Mwalimu Emilian alisema ni tabia yake tu. Usiku ule alilala anatabasamu kitandani bwenini, mtu mzima wa miaka hamsini na nne. Kumbe maisha yake yote alikuwa mlezi bila kujua.

Wakapewa kila mmoja daftari la jalada jekundu. Kurasa zake zilikuwa na safu mbili: kushoto mlezi aandike swali lake, kulia aandike jibu la mkuu mpya, neno kwa neno. Maoni ya mlezi hayakuwa na safu.

Halafu ikaja orodha ya shule. Ili pasiwe na upendeleo, walezi wa Mbulu walipewa shule za Hanang, na wa Hanang za Mbulu. Mwalimu Emilian alipata tatu, na ya tatu ilikuwa ya kijiji kipya mbele ya Hirbadaw, ambacho jina lake la kwenye karatasi halikuwa limeingia vinywani mwa watu. Walikiita Namba Tatu tu. Mkuu wake: Hermani Tluway. Alikwenda ofisini akaeleza kwamba huyu ni mkwe wake. Karani alicheka akasema ndiyo vizuri, atakusikia.

Mama Natalia hakucheka. Alikuwa anapepeta mahindi uani, akauweka ungo chini.

"Baba Veronica, huyo ni mkweo. Hata kukutazama hakutazami. Atakujibu nini?"

"Nitamuuliza tu," alisema mzee. "Kazi yenyewe ni kuuliza."

*

Alifika Namba Tatu mwezi wa tisa, kwa lori mpaka lilipokomea, kisha kwa miguu. Mlima Hanang ulikuwa mbele yake njia nzima, na pande zote mbili nchi imekauka. Nyumba za kijiji zilisimama mstari mmoja kama zilivyochorwa ofisini, nusu yake tupu, kwa sababu Wabarabaigi walioletwa kukaa humo walikuwa wamerudi nyuma ya ng'ombe wao. Veronica alimpokea baba yake kwa machozi ya furaha, akamwonyesha mtoto, Ernestina, aliyekuwa ameota meno mawili. Hermani alisimama hatua kadhaa mbali, kofia mkononi, macho kwenye viatu vyake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnaendeleaje?"

"Tunaendelea, mzee."

Chakula cha mchana mzee alikula peke yake ndani, na mkwe akala nje nyuma ya jiko, ndivyo ilivyo. Kisha wakaenda shuleni. Ofisi ilikuwa kona ya darasa iliyokatwa kwa mabua. Palikuwa na kiti kimoja. Mzee alikaa, Hermani akasimama. Nikolausi alikuwa amesema mlezi na mkuu mpya wakae ana kwa ana, magoti yakitazamana, lakini Nikolausi hakuwa na mkwe mle chumbani.

Mwalimu Emilian alifungua daftari jekundu. Aliomba daftari la mahudhurio akalipitia taratibu. Majina yalikuwa tisini. Siku ile waliokuwepo walikuwa arobaini na mmoja, na siku za nyuma vivyo hivyo, na wasiokuja walikuwa karibu wote watoto wa wafugaji. Mengi ya majina yao yalishangaza: Sebastiani Gidabuday, Juliana Gidabuday, Angela wa fulani. Hermani alieleza kwa sauti ya chini kwamba karani wa kuandikisha alishindwa kuandika majina ya Kibarabaigi, akawapa yale aliyoyajua.

"Hawa wasiokuja wako wapi?" aliuliza mzee.

"Wako na ng'ombe, mzee. Malisho ya karibu yamelimwa ngano. Wamesogea mbali, watoto ndio wachungaji."

"Na wewe umefikiria kufanya nini?"

Hermani alinyamaza. Mzee naye akanyamaza, akihesabu pumzi zake kama alivyofundishwa. Jibu alikuwa nalo, na lilimwasha kweli. Angekuwa yeye, angefunga ofisi kesho asubuhi akaenda kwa Gidabuday mwenyewe, akakaa chini, akanywa alichopewa, akauliza habari za mifugo siku nzima bila kutaja shule. Siku ya tatu angesema, labda watoto wachunge kwa zamu, nusu leo na nusu kesho. Hivyo ndivyo alivyowapata watoto wa wafugaji kule Dongobesh miaka ya nyuma, na walikuja. Lakini mlezi haamuru. Akalimeza. Alimwona Hermani jasho linamtoka kwenye paji la uso, mchana wenyewe una upepo, akajiambia kijana anafikiri.

"Nimesikia, mzee," alisema Hermani hatimaye.

Mzee aliandika safu ya kulia: Nimesikia. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, akaweka nukta. Mtu aliyekaa na Waswahili wa bara maisha yake yote, mwalimu wa lugha, hakusimama hata kidogo kujiuliza ni swali gani hilo duniani linalojibiwa nimesikia.

Jioni Veronica alimsindikiza mpaka njia panda. Alimwambia baba yake kwamba Hermani halali vizuri. Mratibu anataka idadi, Katibu Kata anataka idadi, na kila mtu anasema mwalimu huyu mchanga hawezi kazi. Akasema angefurahi kama baba angempa neno. Mzee alimwangalia binti yake, akamshika bega, akasema ameshazungumza naye na Hermani ataona mwenyewe la kufanya. Veronica alifurahi. Alidhani hilo ndilo neno.

*

Siku ya tisa baada ya pale, Veronica aliingia uani kwa baba yake na mtoto mgongoni, miguu imevimba, amevaa kiatu kimoja. Mama Natalia alimkalisha, akampa uji. Hakunywa. Alisimulia bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine.

Hermani hakula kwa siku mbili tangu mzee aondoke. Siku ya tatu alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akaomba mgambo. Veronica alimkataza, akamkumbusha kwamba baba aliuliza tu. Hermani alimjibu maneno ambayo sasa Veronica aliyarudia mbele ya baba yake.

"Alisema, mzee hajawahi kuuliza. Tangu niko darasa la tano hajawahi kuuliza."

Walikwenda alfajiri, Hermani na mgambo sita, kwenye boma la Gidabuday. Watoto wakakamatwa wakapangwa mstari. Msichana mmoja wa miaka kama kumi aliponyoka akakimbia, mgambo wawili wakamfukuza wakipiga kelele, na yeye, mgeni wa kukimbizwa na watu, akatazama nyuma badala ya mbele. Pale korongo ni refu na chini ni mawe. Walipomfikia alikuwa amekwisha. Hermani mwenyewe ndiye aliyeshuka kumtoa, akampandisha mikononi mpaka kwa mama yake. Wanaume wa boma walichukua mikuki, na wazee wao wakawazuia. Wanawake wa Kibarabaigi walikuja shuleni na fimbo zao, wakakaa mbele ya darasa tangu asubuhi mpaka jua linatua, kimya. Asubuhi yake polisi walimchukua Hermani. Veronica mwenyewe aliambiwa na mwenyekiti aondoke upesi, kwa kuwa nyumba ni ya mwalimu mkuu, atakuja mwingine.

Mwalimu Emilian alisikiliza mpaka mwisho, amesimama. Kisha akakaa chini, juu ya kizingiti, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona amekaa.

*

Kabla ya mahakama ilitangulia kamati ya idara, ofisini kwa Afisa Elimu wa Mbulu, kwa kuwa mlezi alikuwa wa huko. Kila mtu alijua maana yake. Kama mkuu wa shule alipewa agizo na mlezi wake, basi alitekeleza kazi ya idara, na idara itabeba. Hermani atapewa onyo, atahamishwa, huenda atashushwa cheo. Kama hakukuwa na agizo, alijiamulia mwenyewe kuchukua mgambo, na jalada lake litakwenda mahakamani kama la mhalifu mwingine yeyote. Neno moja la mzee lilikuwa linangojwa.

Veronica alimwambia baba yake hayo waziwazi njia nzima. Hakulia wala kumlaumu. Alisema, baba, sema tu ulimwagiza. Mzee alijibu kwamba ataona.

Afisa Elimu alikuwa mtu wa Tabora, mpole, mwenye kuvaa miwani ya kusomea. Kushoto kwake walikaa watu wawili wa kamati, na kwenye benchi karibu na mlango alikaa Gidabuday na mkalimani wake. Hermani aliletwa na askari. Alikuwa amekonda, na hata pale, na pingu mikononi, alipomwona mzee aliinamisha macho.

Daftari jekundu lilikuwa mezani. Afisa alilifungua, akasoma kwa sauti maswali yale moja baada ya jingine, na mzee akayasikia yanatoka safi kabisa, maswali ya mfano, kama yalivyofundishwa. Kifua chake, Mungu amsamehe, kilituna kidogo. Miaka ishirini na miwili bila doa.

"Mwalimu Emilian, ulimwagiza mkuu huyu achukue mgambo?"

"Hapana."

"Ulimwagiza kufanya jambo lolote?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Mzee alimwona Veronica dirishani, amesimama nje na mtoto. Aliona pia kustaafu kwake, koti la kijivu, watu wa Mbulu wakisema mlezi alituma mgambo mtoto akafa. Na tena alikuwa anasema kweli, kweli tupu. Ni nani atakayemhukumu mtu kwa kusema kweli?

"Niliuliza tu," alisema.

Karani aliandika. Afisa alimgeukia Hermani akataka kujua kama ana la kuongeza. Hermani angeweza kusema mengi. Lakini yeye mkwe angemwitaje mzee mwongo, na mzee hakusema uongo? Alisema hana. Kisha Afisa, kwa heshima, alimwuliza mzazi wa marehemu kama ana neno, akamtaja marehemu kama alivyoandikwa, Juliana.

Gidabuday alizungumza taratibu, na mkalimani akatafsiri.

"Anasema, amekaa hapa tangu asubuhi mkimtaja Juliana. Anataka kujua huyo Juliana ni mtoto wa nani. Aliyekufa ni wake, na siyo huyo."

Akalitaja jina la binti yake, mara mbili. Karani alishika kalamu, akajaribu, akafuta, akamtazama Afisa. Afisa alisema andika Juliana, ndivyo lilivyo kwenye daftari, tusichanganye mambo.

*

Usiku haukulalika kwa Mwalimu Emilian. Veronica hakumwambia baba yake neno lolote baya, na afadhali angemwambia. Alipika, alifagia, alimsalimia shikamoo asubuhi kwa magoti kama kawaida. Siku ya tatu mzee alivaa koti akarudi ofisini peke yake.

Alisimama mbele ya meza ya Afisa akasema amekuja kurekebisha maneno yake. Alimwagiza Hermani. Alimwamuru. Afisa alivua miwani akamtazama kwa huruma, akavuta kiti, akamsihi akae. Alisema anaelewa, ni mkwe, kuna binti, kuna mjukuu, na yeye mwenyewe ana mabinti. Lakini daftari lipo na limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe mzee, tarehe ipo, na ndani yake ni maswali matupu.

"Soma upande wa kulia," alisema Mwalimu Emilian. "Soma alivyonijibu."

Afisa alisoma. "Nimesikia."

"Basi. Swali halijibiwi hivyo. Mtu akiulizwa umefikiria nini hasemi nimesikia. Nimesikia ni jibu la amri. Aliisikia amri, na mimi ndiye niliyeitoa. Nyumbani kwangu, shuleni kwangu, sijapata kuamuru kwa njia nyingine."

Afisa aliligeuza neno lile, akalitazama tena. Kwao Tabora nimesikia ni nimesikia. Alisema kwa upole kwamba yeye anaona kijana alimaanisha amelisikia swali, ameelewa, na kisha akaenda kufanya ya kichwa chake. Aidha jalada limekwisha ondoka juzi, nalo daftari litalifuata. Alisimama, akampa mzee mkono, na kabla ya kuuachia akaongeza jambo alilodhani litamfariji. Nikolausi ameandika kutoka chuoni. Wanaandaa kozi ya pili ya walezi, na kwa jinsi daftari lile lilivyojazwa vizuri, wangependa nakala yake itumike kufundishia, na ikiwezekana mzee mwenyewe aje awaonyeshe wenzake namna ya kuuliza.

Mzee alishukuru. Alikuwa amefundishwa kushukuru tangu mtoto. Alitoka nje, akapita sokoni katikati ya watu waliomwamkia kila upande, akaitikia marahaba, marahaba, mpaka nyumbani.

*

Hermani alifungwa miaka minne. Mahakama ilisema alitumia madaraka asiyopewa. Mgambo sita walitoa ushahidi kwamba mwalimu aliwaambia, nao wakaachiwa.

Veronica alibaki kwa wazazi wake. Mama Natalia alimpa chumba cha nyuma alichokuwa analala zamani, ambacho siku hizi kilikuwa na magunia. Mwezi ulipita, na wa pili. Mvua za vuli zilianza na Mbulu ikajifunika ukungu mpaka mchana. Ernestina akaanza kushika kuta na kusimama. Mzee aliacha kabisa kuuliza vitu. Akitaka maji alikwenda mwenyewe. Mlango ukiwa wazi aliufunga mwenyewe. Mama Natalia alimtazama tu, lakini mara moja alimkuta ameshika fagio, akamnyang'anya, akalia.

Ndani ya ukimya ule mzee alikuwa anawaza jambo. Chumba kile cha nyuma kilikuwa na ubaridi na mtoto alikohoa. Alitaka kuyatoa magunia, kupiga sakafu udongo mpya, kukata dirisha upande wa jua, na kutengeneza kitanda kidogo. Miaka minne si mchezo. Binti yake akae vizuri. Alikwisha kuzungumza na fundi seremala. Fundi alitaka tu kujua kazi ni ya kudumu au ya muda, kwa sababu ya mbao. Hata neno la fundi lilimfurahisha. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa alikuwa na kitu cha kumpa mtu.

Jioni ile alimkuta Veronica jikoni, anamlisha mtoto. Mzee aliinama mlangoni, kofia mkononi, akatafuta maneno mepesi kabisa.

"Mwanangu, utakaa hapa mpaka lini?"

Kijiko kilisimama hewani. Veronica alikirudisha bakulini, akamfuta mtoto mdomo kwa ncha ya kanga. Hakumtazama baba yake.

"Nimesikia, baba," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaondoka kwenda kuyahesabu magunia. Aliyahesabu yote, akafika la mwisho, mkono juu yake, ndipo lile neno lilipomfikia. Alirudi jikoni kwa haraka. Palikuwa na bakuli tu. Alijiambia kwamba binti amekwenda kumlaza mtoto, na kwamba mtu mzima hamwamshi mwanawe kwa jambo dogo. Atamweleza asubuhi, atamwambia moja kwa moja, kwa maneno ya kuamuru kabisa, kaa. Alilirudia neno hilo kitandani, kaa, kaa, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Asubuhi chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa. Magunia yalikuwa yamepangwa vizuri upande mmoja. Basi la Dongobesh lilikuwa limeondoka alfajiri, na mwanamke mmoja wa sokoni alisema alimwona Veronica amepanda na mtoto na kifurushi, ila hakujua anakoshukia. Kwao Hermani hakukuwa na mtu wa kumpokea. Namba Tatu nyumba ilikuwa ya mwalimu mkuu mpya.

Mama Natalia alirudi kutoka stendi ameloa, akasimama katikati ya chumba.

"Ulimwambia nini mtoto wangu?"

Mwalimu Emilian alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amevaa koti la kijivu, vifungo vyote.

"Nilimuuliza tu," alisema.

Mama Natalia aliketi sakafuni pale pale, maji yakimchuruzika. Mlango ulikuwa wazi, ukungu unaingia ndani, na hakuna aliyeinuka kuufunga.